Nikivua Vifaa, Masikio Yanaanza Kulia

Barua nne nilizozichagua mwezi huu zinahusu saa ile moja: mtu kazima taa, kavua kifaa cha kusikia kama anacho, kabaki na sikio lake. Kwa msomaji mgeni, mimi ni nesi mstaafu. Nimefanya kazi miaka 31 hapa Dar es Salaam, 12 ya mwisho katika chumba cha masikio, na mwenyewe navaa vifaa viwili tangu nikiwa na miaka 57. Ninayoyajibu hapa mengine nimefundishwa, mengine nimeyaona kwa wagonjwa, na mengine yamenikuta kitandani kwangu Magomeni.

*Shikamoo dada. Nina miaka 58, naishi Tandika. Nimechomelea mageti na kukata vyuma mtaa wa Gerezani miaka 24, na wakati wetu kuziba masikio kazini hatukujua. Miezi minne iliyopita nimepata vifaa vya kusikia, masikio yote mawili. Mchana namshukuru Mungu, namsikia hata konda. Shida ni usiku. Nikivivua tu unaanza mlio kama nyenje wa shambani, tena wengi. Nikaamua kulala navyo. Sasa nikigeuka kwenye mto vinapiga mluzi, mke wangu analalamika, na sikio la kulia linawasha. Isitoshe, kwetu maji yanatoka usiku wa manane na mimi ndiye ninayeamka kujaza madumu. Nikivua sitasikia bomba likianza kukoroma. Nifanyeje? — Fundi wa mageti, Tandika*

Marahaba kaka yangu, na pole. Nianze na sikio linalowasha, maana hilo halingoji. Usiku wa leo vivue, na kesho uende ukaangaliwe. Sikio lililozibwa mchana na usiku kwenye joto letu hili halipati hewa. Jasho linakaa ndani, ngozi inalainika, fangasi wanapata makao.

Hili limenipata. Mume wangu alipofariki, nyumba ilijaa watu mpaka arobaini. Baada ya hapo kila mtu akarudi kwake, nyumba ikanyamaza, na mlio ambao nilikuwa nimeuzoea miaka sita ukapanda kama mtu kafungulia bomba. Nikaanza kulala na vifaa ili nisikie chochote, hata mbwa wa jirani. Wiki ya tano sikio la kushoto likaanza kuwasha, kisha kutoa majimaji. Daktari aliponionyesha alichokitoa, kilikuwa cheupe chenye vidoa vyeusi, sawasawa na mkate uliosahauliwa kabatini. Nikakatazwa kuvaa kifaa upande ule mpaka sikio likauke. Siku 16 nilikaa nikiwaomba wajukuu wanisemeshe upande wa kulia. Sitaki yakukute, kaka. Mpaka uonwe na daktari usitie kitu humo: njiti ya kiberiti, kijiti cha pamba, unyoya wa kuku, wala mafuta.

Mluzi wa kwenye mto ni sauti ya kifaa kugonga mto na kurudi kwenye maikrofoni yake, ikakuzwa tena na tena. Ukivua, umekwisha. Ila ukiusikia hata mchana ukiwa umekaa, mwambie mtaalamu wako wa usikivu aangalie kama kile kipande kinachoingia sikioni kinakukaa sawa.

Sasa mlio wenyewe. Ndani kabisa ya sikio, kwenye sehemu iliyojizungusha kama konokono, tumezaliwa na seli zenye vinyweleo, kama 15,000 hivi kila upande, na zikifa hazioti nyingine. Miaka 24 ya grainda imeziua nyingi, hasa za sauti nyembamba. Ubongo wako haujaambiwa kuwa zimekufa, bado unazingoja. Umewahi kumngoja mtoto aliyechelewa kurudi? Saa saba usiku unasikia kila geti, kila kandambili uchochoroni, na mwisho unasikia hata hodi ambayo haikupigwa. Ubongo nao unatega hivyo hivyo, kwa nguvu, mpaka unaanza kusikia mchakacho wa mishipa yake wenyewe ya fahamu. Mchana vifaa vinakuletea konda, wapiga debe na mke wako, unapata cha kusikiliza. Ukivua, unarudi kutega. Nyenje hawajaongezeka, kaka. Wamebaki peke yao tu.

Kwa hiyo vua vifaa, lakini usiliingize sikio kwenye ukimya. Hili ndilo ninaloomba ulishike kuliko yote niliyoandika. Wengi hufanya moja kati ya mawili: kulala navyo na kuumia ngozi, au kuvua na kulala kimya huku wakipambana na mlio. Yote mawili nimeyajaribu, na yote mawili yameninyima usingizi.

Feni inafanya nusu ya kazi. Tunaiwasha kwa sababu ya joto, kumbe inasaidia na masikio. Ndiyo maana umeme ukikatika usiku unashtuka na nyenje wako wakiwa kichwani. Si joto peke yake lililokuamsha. Kwa hiyo uwe na akiba isiyotegemea umeme wa ukutani. Akiba yangu ni hii. Mwaka mmoja wakati wa masika, mvua ya mwezi wa nne ilipokuwa inapiga bila kupumzika juu ya mabati ya jiko langu la uani, niligeuza ndoo, nikaweka simu juu yake, nikarekodi dakika 40. Nilipoilalia usiku wa kwanza nikaona kosa. Palikuwa na tone linadondokea sufuria, ti, ti, ti, na badala ya kulala nikawa nalihesabu. Nikasubiri mvua nyingine, nikaondoa sufuria, nikarekodi upya. Hiyo ndiyo ninayolalia mpaka leo. Sauti ya kulalia isiwe na maneno wala mapigo, yaani isiwe na kitu cha kungojea. Taarabu hapana, mawaidha hapana, mpira wa redioni hapana, hata kama unavipenda, kwa sababu sikio litavifuata.

Iweke chini kidogo ya mlio. Fungua polepole mpaka uone mlio na mvua vinaingiliana kama maziwa yanavyoingia kwenye chai, halafu uishie hapo. Ukiufunika mlio kabisa, ubongo haupati nafasi ya kuuzoea, na kuuzoea ndiko tunakokutafuta.

Najua unajiuliza: nikishavua, hiyo mvua nitaisikiaje? Kelele za karakana huharibu kwanza sauti nyembamba, zile za karibu na hezi 4,000, yaani mitetemo 4,000 kwa sekunde. Sauti nene hubaki muda mrefu zaidi, na feni, bahari na mvua juu ya bati vina sauti nene nyingi. Tafuta spika bapa ya kuweka chini ya mto, au spika ndogo ikae kichwani mwa kitanda, ujaribu siku kadhaa. Simu yenyewe usiichaji chini ya mto, inapata joto na ni hatari. Kama hata hapo hupati kitu, basi nusu saa ya mwisho kaa kwenye kiti karibu na feni, vifaa vikiwa masikioni, taa iwe hafifu, mpaka macho yawe mazito. Ndipo uvue na kupanda kitandani. Vipo pia vifaa vinavyotoa mvumo mwororo vyenyewe. Muulize mtaalamu kama vyako vinao, aufungulie kwa saa hiyo ya mwisho.

Kuhusu maji. Najua bomba likitoka saa tisa usiku na ukalikosa, familia nzima inaumia siku tatu. Kama zamu yenu ina saa yake, tegesha simu kwa mtetemo tu, uitie ndani ya foronya upande wa shavu. Mtetemo hauhitaji sikio. Zipo na saa za mkononi zinazotetema. Kama maji yanakuja saa yoyote, panga na mkeo: yeye asikie, wewe ubebe. Akuguse kifundo cha mguu mara mbili, asikuite kwa nguvu, maana mtu asiyesikia akiitwa gizani hushtuka, na mshtuko huo huamsha mlio pamoja naye. Wekeni na alama nyingine ya hatari, mfano mkono begani na taa ya simu kuwashwa, ili usilazimike kuuliza. Usiku ambao uko peke yako na mtoto mdogo au mgonjwa, baki na kifaa kimoja, usiku mwingine ubadili upande, na asubuhi ukifute na kukikausha. Huo uwe usiku wa dharura, usigeuke desturi.

Vikishavuliwa, visilale mezani. Chukua kopo lenye mfuniko unaobana, tia vipaketi vya silika jeli, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, fungua mlango wa betri, uviweke humo. Hewa yetu ya pwani ni ya maji, na maji ndiyo yanayoua vifaa hivi mapema. Usivianike juani wala kuviweka karibu na jiko. Kama betri zako ni zile ndogo za kubandua karatasi (rangi ya chungwa ni namba 13, kahawia ni 312), ukibandua subiri dakika chache ziingie hewa kabla ya kufunga mlango. Na kopo likae juu, mahali ambapo mjukuu hafiki hata akipanda kiti. Betri ya kitufe ikinasa kooni, puani au sikioni mwa mtoto inaunguza nyama kwa muda mfupi sana. Ikitokea, mnakwenda hospitali moja kwa moja. Msimtapishe.

Mkeo usimlaumu. Hausikii mlio wako, na kitu kisichosikika ni kigumu kukihurumia. Muulize kama aliwahi kunywa kwinini wakati wa malaria. Watu wa umri wetu tunakumbuka masikio yalivyokuwa yanavuma hata mtu akizungumza nawe unamwona kama yuko ndani ya pipa. Mwambie: mimi niko hivyo kila usiku, na kwinini yangu haiishi. Mzee mmoja wa Buguruni alimweleza mkewe hivyo mbele yangu, na yule mama akanyamaza, akamshika mkono. Walikuwa wamegombana mwaka mzima.

Dawa ya kuufuta mlio huu haijapatikana bado. Matone na vidonge vinavyouzwa kwa ahadi hiyo vitakumalizia hela. Kinachojulikana kuwa kinapunguza mateso ni mazungumzo ya tiba na mshauri aliyefundishwa, yale yanayomfundisha mtu kuacha kuuogopa mlio na kuacha kuulinda usiku kucha. Ukiona umeanza kukata tamaa au unaogopa kitanda, omba rufaa ya mshauri bila aibu. Chai na kahawa sikukatazi kwa ajili ya mlio. Ila kahawa ya kijiweni baada ya isha isogeze alasiri, kwa sababu usingizi tunautaka. Na ukikaa macho muda mrefu, amka, kaa sebuleni na feni yako, rudi usingizi ukija. Saa ya ukutani usiitazame.

*Mama, mzazi wangu ana miaka 63, tupo Kigamboni. Akilala anasikia sikio la kushoto linapiga du, du, du. Anasema ni moyo wake. Sisi tunamwambia ni uzee. — Binti, Kigamboni*

Mwanangu, mama yako anajua anachosema, na neno la uzee mlifute. Mlio unaokwenda pamoja na moyo ni jambo tofauti kabisa na mlio wa yule fundi. Kaa naye usiku wa leo, shika mshipa wa kifundo cha mkono wake, yeye agonge godoro kwa kidole kila anaposikia. Mkienda sawa, mpelekeni wiki hii hii. Apimwe presha na wingi wa damu, kisha daktari wa masikio, pua na koo achungulie nyuma ya ngoma ya sikio na kusikiliza mishipa ya shingo. Mara nyingi chanzo ni kitu cha kawaida kama presha au upungufu wa damu, lakini mara nyingine ni mshipa wenye tatizo linalotaka kutibiwa, na huwezi kujua ukiwa nyumbani. Anzieni hospitali ya rufaa ya mkoa, iwe Temeke, Amana au Mwananyamala. Mkiandikiwa kwenda Muhimbili, nendeni.

Niseme na jingine hapa kwa kila anayesoma. Ukilala mzima ukaamka sikio moja halisikii, au linavuma upande mmoja na kusikia kumeshuka ghafla, usikae nyumbani ukidhani ni nta. Kuna dawa inayoweza kuliokoa sikio hilo, na nafasi yake inapungua kila siku. Wiki mbili zikipita huwa imebaki ndogo sana. Nimewapokea watu wengi mno waliokuja tatizo likiwa na mwezi wa tatu, baada ya matone ya kila duka la dawa. Kama kuna na kizunguzungu kikali au uso kulegea upande mmoja, ni hospitali siku ileile.

*Shikamoo mama. Nina miaka 22, Manzese. Jumamosi palikuwa na kigodoro mtaani, nilisimama karibu na spika mpaka saa kumi alfajiri. Leo siku ya tatu, nikilala masikio yanalia. Bibi anataka kunitilia mafuta ya nazi ya moto yenye kitunguu saumu. Rafiki yangu anasema nivae earphone nizidishe muziki ndipo nilale. — Msichana wa Manzese*

Marahaba mwanangu. Nilikujibu kwa simu siku ile barua ilipofika, na ninafurahi kwamba mlio uliondoka siku ya tano. Nakuweka hapa kwa ajili ya wenzako.

Mafuta ya moto yanaunguza, na kitunguu saumu kinachubua ngozi ya ndani ambayo ni nyembamba sana. Mshukuru bibi kwa huruma yake, umpe mafuta hayo akupake miguu. Ushauri wa rafiki ndio mbaya zaidi, kwa sababu unalipiga sikio lililokwisha kupigwa. Mlio baada ya kelele kubwa kwa kawaida huisha kwa saa au siku chache ukilipumzisha sikio. Ukipita wiki, kapimwe. Lakini hata ukiisha usidhani kila kitu kimerudi kilivyokuwa, maana kila kigodoro kinaweza kuacha hasara yake kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema sikio linaweza kuvumilia desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 za wiki nzima. Kila zikipanda desibeli tatu, muda huo unakatwa nusu. Piga hesabu mwenyewe ya spika zilizopangwa mpaka juu ya paa. Cheza mbali nazo, vaa vizibo vya sponji, na kila saa toka uende mtaa wa pili ukanywe maji.

*Dada, mwanangu ana miaka minne, amepandikizwa kifaa cha koklea. Tukimvua usiku analia sana mpaka anachoka. Je, nimwachie alale nacho? Tupo Ubungo. — Mama yake*

Mdogo wangu, upasuaji huu wa kumwekea asiyesikia kifaa kwenye koklea, ile konokono ya ndani ya sikio, umeanza kufanyika Muhimbili mwaka 2017, na kinamama wa mwanzo waliniuliza swali hilihili. Sehemu ya ndani inabaki kichwani maisha yote, haivuliwi. Ile ya nje, yenye maikrofoni na sumaku, ivue usiku. Akilala nayo itachomoka, italaliwa, na unyevu utaiharibu. Iweke kwenye kopo la kukaushia kama nilivyomweleza fundi hapo juu.

Kilio chake nadhani hakitokani na kifaa. Wewe unamvua, unazima taa, unaondoka, na yeye kwa mara moja anapoteza sauti yako na uso wako. Badilisha mpangilio. Hadithi na wimbo vimalizike angali amevaa. Mwambie kwa maneno kwamba sasa tunavua, kisha mwache yeye mwenyewe akitoe na kukitia kwenye kopo, afunge mfuniko kwa mkono wake. Taa ibaki inawaka. Kaa naye chini ya chandarua, akuone, ashike kidole chako, mwe na ishara yenu ya kulala ambayo haitumii sauti. Taa ndogo ya ukutani ibaki usiku kucha, ili akiamka akuone ulipo kabla hajaanza kukuita.